Amelala, ameoga, mbona kawunyemu imemnasa?

Swali: Mimi ni dereva wa lori, nabeba mizigo kutoka Malaba hadi Kampala. Jumamosi iliyopita mwenzangu alikunywa bia sita kubwa, akaanza saa moja jioni na kumaliza saa sita usiku. Alilala, akaamka, akaoga maji baridi, akanywa kahawa ya nguvu, akang'oa gari saa kumi na moja na nusu alfajiri. Karibu na Tororo akakuta polisi wa trafiki wana kawunyemu, ile mashine ya kupima pombe kwenye pumzi. Akapuliza, wakamkamata. Anaapa kwamba alikuwa mzima kabisa. Je, mashine ilikosea? Mtu akinywa chupa ngapi huwa salama? Na je, mimi huwa nalala kwenye kabini nikiwa nimekunywa, hilo nalo ni kosa? – Dereva, Malaba

Jibu: Ndugu dereva, kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kuilaumu mashine. Tupige hesabu ya usiku ule kwanza, mambo ya kituoni na mahakamani yatafuata.

Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Unaipata kwa kuzidisha 500 kwa 0.05, halafu kwa 0.79, kwa sababu pombe ni nyepesi kuliko maji. Chupa sita ni gramu 120. Kwa mwanaume wa kilo 70, pombe hiyo husambaa kwenye maji ya mwili, ambayo ni kama asilimia 68 ya uzito wake, na kama angeimeza yote kwa mara moja damu yake ingekuwa na miligramu 250 hivi kwa kila mililita 100. Ini huondoa takriban miligramu 15 kwa saa. Kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri ni saa kumi na nusu, yaani kiasi cha miligramu 157 zimekwisha kuondoka. Zimebaki zaidi ya 90. Sheria ya Uganda, kupitia kanuni za mwaka 2004 za viwango vya pombe kwa madereva, imeweka kikomo cha jumla cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Mwenzako alishika usukani akiwa juu ya kikomo, na alipofika Tororo alikuwa bado juu yake. Pombe ile ingeisha mwilini karibu saa sita mchana.

Hiyo ni hesabu ya mtu wa wastani. Ini la mtu mmoja huondoa 10 kwa saa, la mwingine 20. Mwenye ini la polepole angekuwa na zaidi ya 140 alfajiri ile ile, na asingejua. Mwanamke wa kilo 60 anayekunywa bia mbili tu hufika karibu na 120 kama amezinywa kwa haraka, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo zaidi kulingana na uzito. Ndiyo maana swali la “chupa ngapi” halina jibu moja la kuwafaa wote. La kujiuliza ni hili: nilianza saa ngapi, nimeweka gramu ngapi, na ini limepewa saa ngapi za kufanya kazi? Kwa bia ya mililita 500, hesabu saa mbili na nusu hadi tatu kwa kila chupa, kuanzia ulipofungua ya kwanza. Bia nne zinahitaji angalau saa kumi na moja. Na wewe unayebeba mzigo wa watu usilenge 80. Lenga sifuri, maana hesabu hii ya vidole ina makosa ndani yake na makosa hayo hayaonekani mpaka upulize.

Kahawa, maji baridi, supu ya mbuzi, maziwa, katogo la asubuhi, hata kutapika: hakuna kinachoongeza kasi ya ini. Kahawa inakuondolea usingizi, kwa hiyo unabaki mlevi aliye macho, na huyo ndiye anayejiamini kupita kiasi. Kutapika kunatoa kilichobaki tumboni tu, kilichoingia kwenye damu hakirudi. Chakula husaidia kama umekila kabla ya kunywa: hupunguza kasi ya pombe kuingia damuni na kilele hakipandi sana. Usingizi hauharakishi chochote. Tatizo lake ni kwamba mtu akiamka anaona siku mpya imeanza, kumbe damu bado iko jana.

Halafu kuna vinywaji ambavyo hesabu yake ni ngumu zaidi. Kichupa cha waragi cha mililita 200 chenye asilimia 40 kina gramu 63, zaidi ya bia tatu kubwa, na wengi hukimaliza wakisubiri karatasi za forodha. Tangu Uganda ipige marufuku pombe ya pakiti mwaka 2019, hicho kichupa ndicho kimekuwa kipimo cha wengi, na kinamezwa vile vile kama pakiti ilivyomezwa. Lira-lira, pombe kali inayopikwa nyumbani, haina kibandiko, nguvu yake hutofautiana kutoka mpishi hadi mpishi. Ajon, pombe ya ulezi ambayo Kampala wanaiita malwa, ni tabu kabisa. Mmeketi kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa kila yanapopungua. Baada ya saa tatu hakuna anayejua amevuta kiasi gani, wala kama alivuta mwanzoni ilipokuwa kali au mwishoni ilipopoa. Ukiwa kwenye chungu, usijaribu kuhesabu. Siku inayofuata usiendeshe mpaka mchana umepita.

Sasa kwa nini polisi wanahangaika na mtu anayeona barabara vizuri na kuongea sawasawa? Kwa sababu kinachoanza kuharibika si miguu wala ulimi. Kwanza inakwenda hukumu: unaona nafasi ya kupita gari lililo mbele pale ambapo jana yake ungengoja. Kisha macho yanashindwa kugawanya kazi. Dereva mzima anatazama mbele huku akiona kwa pembeni mtoto anayekuja ukingoni, aliyekunywa hukaza macho mahali pamoja. Halafu macho huchelewa kurudi baada ya kumulikwa na taa kubwa. Mwisho ni mguu wenyewe. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, umeshakula mita 11 kabla tairi hazijaanza kushika lami, na lori lenye mzigo lilikuwa tayari linahitaji umbali mrefu kusimama. Hatari ya ajali huanza kupanda kabla hata ya kufika 80, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke 50 kwa watu wazima na 20 kwa madereva vijana na wageni wa usukani.

Fikiria njia yako mwenyewe. Upande wa Busoga, karibu na Kakira, unakutana usiku na trekta la miwa linalovuta trela mbili zisizo na taa nyuma. Mbele, ndani ya Mabira, lori limeharibika na dereva wake ameweka matawi ya miti barabarani badala ya pembetatu za kuakisi. Tawi linaonekana ukiwa karibu sana. Mita 11 hapo ndizo zinazoamua kama utalikwepa au utaingia chini yake. Mwaka 2024 polisi ya Uganda ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani. Wengi wao wameandikwa chini ya uendeshaji wa hovyo, na mimi naamini pombe imejificha ndani ya fungu hilo zaidi ya inavyoandikwa, kwa sababu kupita vibaya na kukimbiza gari ndiko pombe inakoanzia.

Kuhusu mashine yenyewe, mambo ya kujua ni machache lakini yana maana. Kawunyemu, ambayo wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanaiita alkoblo, haipimi harufu ingawa jina la Kiganda linaonyesha hivyo. Inapima pombe kwenye hewa inayotoka ndani kabisa ya mapafu, ambako damu na hewa hukutana. Ndiyo maana askari anakuambia upulize kwa mfululizo bila kukata, na ndiyo maana peremende, kitunguu saumu au mafuta ya taa (wapo wanaojaribu) havibadilishi namba. Kinachoweza kuidanganya ni pombe iliyobaki mdomoni: ukiwa umemeza funda la mwisho sasa hivi, umecheua, au umesukutua kwa dawa ya mdomo yenye pombe, namba itapanda kuliko hali ya damu. Pombe hiyo hupotea ndani ya dakika 15. Kama ndivyo ilivyo, sema hapo hapo na uombe upimwe tena baada ya muda huo. Omba mrija mpya uliofungwa, ni haki yako na ni usafi. Omba kuona kioo kikisoma sifuri kabla ya kupuliza, na uitazame namba mwenyewe baada ya kupuliza. Mwenye pumu asiyeweza kupuliza kwa muda aseme mapema, ili achukuliwe damu hospitalini.

Madereva wengi hukosea namna ya kusoma hiyo namba. Kikomo kile kile kinaandikwa kwa njia tofauti kulingana na mashine: miligramu 80 kwa mililita 100 za damu ni sawa na 0.08 kwa mia, ni sawa na 0.8 ya gramu kwa lita ya damu, na ni sawa na 0.35 ya miligramu kwa lita ya pumzi. Dereva anaona 0.40 anaanza kubishana kwamba yuko nusu tu ya 0.80. Kama mashine inasoma pumzi, 0.40 ni miligramu 92 kwenye damu, amevuka. Uliza inasoma nini kabla hujafungua mdomo kubishana.

Kukataa kupuliza hakukuokoi. Kukataa kutoa kipimo bila sababu ya maana ni kosa lenyewe chini ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, na hakimu hatakuona msafi kwa kukataa. Na usidhani kuwa chini ya 80 kunafunga kesi. Kuna kosa la pili, la kuendesha ukiwa umeathiriwa na pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Hilo halihitaji namba. Askari aliyeona gari likiyumba, macho mekundu na mtu anayeshindwa kutoa leseni mfukoni anaweza kutoa ushahidi wa alichokiona.

Hapo kwenye “dawa” nataka kusimama kidogo, maana kwenye malori tatizo mara nyingi si bia peke yake. Dereva anatafuna mirungi kutoka Mombasa ili asilale, akifika Malaba anakunywa kuua handasi, yaani ule mchangamko wa mirungi, apate usingizi, asubuhi anaanza tena. Mirungi haiondoi uchovu, inauficha, na ikiisha nguvu usingizi unakuja kwa ghafla ukiwa kwenye usukani. Zaidi ya hayo, kinachouzwa hadharani upande wa Kenya si halali ukishavuka: sheria ya Uganda ya dawa za kulevya ya mwaka 2023 imeitaja mirungi pamoja na bangi. Fungu ulilosahau kwenye dashibodi linaweza kukuletea kesi nzito kuliko ya pombe. Dawa za hospitali pia zimo. Dawa za mafua na mzio za aina ya klorfeniramini na promethazini, dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini, na diazepamu, zote zinaleta usingizi na zikichanganywa na pombe athari yake huongezeka. Kawunyemu haizioni, lakini damu ikipelekwa Maabara ya Serikali pale Wandegeya zinaweza kuonekana. Unaponunua dawa ya kikohozi mwambie muuza dawa kwamba wewe ni dereva.

Kulala kwenye kabini: ndiyo, kunaweza kuwa kosa. Sheria haimgusi anayeendesha tu, inamgusa pia anayejaribu kuendesha na yule ambaye gari liko mikononi mwake barabarani. Ukiwa umelala kwenye kiti cha dereva, ufunguo uko kwenye swichi, injini inanguruma kwa ajili ya redio na gari limeegeshwa pembeni mwa barabara kuu, utapata kazi kumshawishi mtu kwamba hukuwa na nia ya kuondoka. Fanya hivi: ingiza lori kwenye yadi ya maegesho kabla ya kunywa, zima injini, mpe ufunguo tanboi (msaidizi wako wa garini) ambaye hakunywa au mlinzi wa yadi, kisha lala kwenye kitanda cha nyuma. Na tanboi asiye na leseni ya daraja la gari hilo asipewe usukani asubuhi eti kwa kuwa yeye hakunywa. Hapo mtakuwa mmeondoa kosa moja na kuweka jingine, na ajali ikitokea bima itaanzia hapo hapo kuulizia.

Sasa habari za mwenzako. Aliyevuka kikomo hukamatwa na kupelekwa kituoni, gari huzuiwa mpaka apatikane dereva mwenye leseni wa kuliondoa au mwenye gari ajitokeze. Asilipe pesa kwa mtu yeyote barabarani. Risiti ya barabarani ya kosa la pombe haipo, na kinachotolewa dirishani ni rushwa inayomweka pabaya yeye aliyetoa na aliyepokea. Katiba ya Uganda, ibara ya 23, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiliwa. Dhamana ya polisi haina malipo. Anachohitaji ni wadhamini wenye vitambulisho na anwani inayoeleweka, na kwa dereva wa safari ndefu barua ya kampuni inayoonyesha anapofanya kazi husaidia sana, kwa sababu hofu ya polisi ni kwamba atavuka mpaka asirudi.

Mahakamani atasomewa hati ya mashtaka. Kama Kiingereza au lugha ya hapo haimkai vizuri, ibara ya 28 inampa mkalimani bila malipo, na aombe kabla ya kujibu shtaka, si baada. Wengi hukubali kosa papo hapo ili wamalize waondoke. Ni sawa kama kweli kosa ni lako na hakuna aliyeumia. Kukubali mapema kwa kawaida humlainisha hakimu. Lakini ahakikishe anaelewa amesomewa mashtaka mangapi. Nimeona hati moja ikibeba pombe, tairi zilizoisha na bima iliyopitwa na wakati, mtu akidhani anakubali moja. Faini kwenye sheria ya trafiki huandikwa kwa pointi za sarafu, na kila pointi ni shilingi 20,000, kwa hiyo akisikia hakimu anataja pointi azidishe hapo hapo. Mahakama inaweza kutoa faini, kifungo au vyote viwili, na inaweza kumwondolea leseni kwa muda. Kwa dereva wa kuajiriwa hilo la leseni ndilo zito kuliko faini.

Mambo hubadilika kabisa kama kuna mtu aliyeumia au kufa. Kusababisha kifo au majeraha kwa uendeshaji wa hatari ni shtaka lake lenyewe, na namba ya kawunyemu inageuka kuwa ushahidi ndani yake. Majeruhi hujaziwa fomu ya polisi PF3 na daktari, mkaguzi wa magari huandika hali ya breki na usukani, na damu ya dereva huchukuliwa. Huko si mahali pa kujitetea peke yako, tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote.

Kuhusu pesa za waliodhurika, madereva wengi hutegemea stika ya bima ya mtu wa tatu iliyobandikwa kwenye kioo. Bima hiyo inamlipa aliyeumia, lakini kikomo chake ni shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, kiasi ambacho mguu uliovunjika vibaya unaweza kukimaliza hospitalini. Kinachozidi hapo hudaiwa dereva na mwenye gari, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ya dereva aliyekuwa kazini. Bima kubwa ya gari na ya mzigo nayo kwa kawaida ina kifungu kinachoondoa malipo kama dereva alikuwa amelewa. Mwombe bosi wako akuonyeshe kifungu hicho. Mabosi wengi wanaowapigia madereva simu alfajiri wakiuliza “mbona bado uko Malaba?” hawajawahi kukisoma, na wakikisoma sauti hupungua.

Kwa hiyo ukiwa na safari ya alfajiri Jumapili na Jumamosi jioni kuna sherehe, chaguo ni mbili: kunywa soda, au mwambie bosi mapema kwamba gari litaondoka saa saba mchana. Ukichagua la pili, mtumie ujumbe wa maandishi ubaki kwenye simu. Na mwenzako akienda mahakamani abebe leseni yake halisi, kitambulisho, barua ya kampuni na mdhamini mmoja anayeishi upande wa Uganda, afike kabla ya saa tatu asubuhi, na asinywe usiku wa kuamkia siku hiyo.